Common Data Set: isomeni kabla ya kumlipa mtu awapimie nafasi ya mtoto

Wazazi wenzangu wa Lubumbashi mnaowatafutia watoto vyuo vya Marekani, nawaomba muiache ile tovuti ya kupima nafasi ya kukubaliwa chuoni ambayo vijana wanatumiana kwenye WhatsApp. Nafundisha hesabu mwaka wa sita huku Katuba. Binti wa dada yangu aliniletea simu machozi yakimlengalenga: "Mama mdogo, mashine inasema mimi ni mdhaifu." Bulletini yake, yaani ripoti ya shule, ina 71%, na ni wa kwanza darasani, bila alama nyekundu hata moja. Tovuti iliichukua ile 71 ikaipima kwa kipimo cha Kimarekani, ambako 71 ni C hafifu. Kwetu, mtoto wa 71 katika hesabu na fizikia anachinjiwa kuku! Tena haikumuuliza anatoka nchi gani, wala nani atamlipia. Kwa mtoto wa Katuba, hayo mawili yana uzito kuliko alama zenyewe.

Nikamfungulia Common Data Set. Ni fomu ya maswali yaleyale ambayo vyuo vingi vya Marekani huijaza kila mwaka na kuiweka kwenye tovuti zao, bure. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye Google, itatokea. Ni majedwali kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza, lakini usihangaike nayo yote. Soma sehemu C na sehemu H tu.

C1 inakwambia walioomba ni wangapi na waliokubaliwa ni wangapi. Harvard, kwa darasa lililoingia 2022, ilipata maombi zaidi ya 61,000 ikakubali chini ya 2,000, yaani watatu hivi kwa mia. Matoleo ya karibuni yana safu ya wanafunzi wa kigeni peke yao. Chuo kikiwa kimeijaza, shika hesabu hiyo, achana na ya jumla.

C7 ndiyo ninayoipenda. Chuo kinaweka alama mbele ya kila kigezo: ni muhimu sana, ni muhimu, kinatazamwa, au hakitazamwi kabisa. MIT, chuo cha mafundi wa hesabu, imeweka "muhimu sana" kwenye tabia na utu wa mwombaji. Binti huyo wa dada yangu alisoma mstari ule mara mbili. Anawafundisha hesabu watoto wa mtaani kwetu kila Jumamosi na hakuwa amefikiria kuliandika hilo popote. Harvard, kwa upande wake, imeandika "kinatazamwa" karibu kila mahali, kwa hiyo hapo jedwali halikusaidii kitu.

Sasa H6, na hapa nendeni taratibu. Inataja wageni wangapi walipewa msaada wa fedha na chuo chenyewe, na wastani wake ni dola ngapi. Kuna chuo alichokuwa amekipenda kwa picha zake. Tukakuta waliosaidiwa ni wachache, na wastani wa msaada haufiki nusu ya gharama. Akachukua kalamu akakifuta mwenyewe. Vyuo vingi, mgeni akiomba msaada, jambo hilo linaingia kwenye uamuzi wa kumkubali au kumkataa. Vichache vinamsoma mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, na akikubaliwa vinajaza pengo lote, miongoni mwavyo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin. Lakini mlango wa vyuo hivyo ni mwembamba sana. Kwa hiyo orodha ya mtoto isiwe na hivyo peke yake. Atafute pia vyuo ambavyo H6 yake imeshiba.

Kasoro zipo. Takwimu ni za mwaka uliopita, na si kila chuo kinachapisha. Columbia haikuwa ikichapisha hadi 2022, baada ya profesa wake mwenyewe wa hesabu, Michael Thaddeus, kuzitilia shaka takwimu ilizopeleka kwa watunga orodha za vyuo bora. Na fomu hii haijui 71 ya Kongo ni nini. Hilo mpelekeeni prefe, yaani mkuu wa shule: aandike katika barua yake kwamba darasani hakuna aliyefika 80, kwamba mtoto huyu ni wa kwanza kati ya wangapi, na kwamba Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inasahihishwa na serikali, si na shule. Prefe wetu aliiandika kwa Kifaransa, tukaitafsiri, tukagonga muhuri juu ya zote mbili.

Mtu fulani pale mjini anadai dola hamsini kukwambia mtoto wako ana "nafasi 60 kwa mia". Muulizeni 60 hiyo ameitoa ukurasa gani.

Common Data Set naipa nyota nne. Pakueni asubuhi mapema, mtandao ukiwa bado mwepesi, na mtu wa siberi (duka la intaneti) mwambieni achape kurasa za C na H peke yake.