Vyuo vitatu vya urubani, kwa macho ya mtu wa malori

Mimi si mtu wa ndege. Nina malori matano yanayopeleka saruji Singida na Mwanza na kurudi na alizeti au pumba, kutegemea msimu, na kabla ya hapo niliendesha lori la mtu kwa miaka kumi na moja. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue vyuo hivi nimevitazama kwa macho gani. Mwenye habari za ndege ni binti yangu. Tulipohamia jirani na uwanja wa ndege wa hapa mjini Dodoma alikuwa darasa la tatu. Ndege ikipita juu ya bati anaacha ugali mezani anakimbilia uani. Akafika mahali anazijua kwa mlio tu. "Hiyo ATR, baba. Hiyo Q400." Mimi nilikuwa nasikia kelele.

Kidato cha sita kamaliza na PCM yake, yaani fizikia, kemia na hesabu, na matokeo yalipotoka akanikalisha chini: anataka kuwa rubani. Mama yake hakuwa na maneno mengi. Kwao ni Kagera, na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafa, alishinda kwenye simu na ndugu zake mpaka usiku. Akasema tu, "Kama ni lazima, basi afundishwe na watu wanaoijua kazi. Usiniletee chuo cha mabango."

Mtaani kila mtu ana ushauri. Jirani mmoja alinisisitiza nimpeleke kile chuo cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kilichoko Dar es Salaam, kumbe pale wanafundisha waongoza ndege, wale wanaozungumza na rubani kutoka mnarani. Kazi nzuri, ila siyo aliyoiomba mwanangu.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba urubani hauhesabiwi kwa mihula kama digrii. Unahesabiwa kwa saa. Viwango vya kimataifa vinataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi, wenyewe wanaiita PPL, na saa 200 kwa leseni ya biashara, CPL. Aliyesoma mfululizo kwenye kozi moja iliyoidhinishwa anaweza kuipata kwa saa 150. Ile ya juu, ATPL, ya kuwa kapteni kwenye ndege kubwa za abiria, ni saa 1,500. Basi nikatulia. Saa za injini nazielewa.

Chuo cha kwanza sikitaji jina. Kina bango kubwa, ofisi ya kiyoyozi, vijana wenye mashati meupe na mistari mabegani, na dada wa masoko aliyeniita "mzee wangu" mara nyingi kuliko wanangu wote wanavyoniita baba kwa mwezi. Tulikalishwa mbele ya simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, dakika arobaini. Nikaomba kuziona ndege zenyewe. Ziko kazini, akasema. Nikamwambia basi nionyeshe zisizo kazini, maana hata kwangu gari linalonieleza habari za yadi ni lile lililolala, siyo lile lililo barabarani.

Zilikuwa nne zimelala, kati ya sita. Moja tairi la mbele limekaa chini, na kwenye vumbi la kioo mtu kaandika kwa kidole "nioshe", kama wanavyotuandikia sisi kwenye matela. Binti akazunguka mbele, akainama kwenye tundu la kuingizia hewa pale nyuma ya pangaboi, akaniita kwa mkono. Nyasi kavu, manyoya mawili matatu, vijiti vimepangwa vizuri. "Baba," akasema, "hii ndege ina ndege." Tulicheka, lakini kiota hakijengwi kwa siku moja.

Fundi ni fundi. Ukimkuta peke yake anasema kweli. Aliniambia vipuri vinasubiriwa kutoka nje na hakutaja mwezi. Kwenye ubao wa ratiba nilihesabu majina ya wanafunzi: 24. Tukiwa kwenye treni ya SGR tunarudi Dodoma, nikageuza nyuma ya risiti nikapiga hesabu. Ndege mbili, kila moja saa tano kwa siku, siku sita za wiki, ni saa 60. Gawanya kwa wanafunzi 24, kila mmoja anapata saa mbili na nusu kwa wiki. Saa 200 ukizigawa kwa mbili na nusu ni wiki 80. Bango lilikuwa linasema mwaka mmoja. Na hapo sijaweka mvua, wala mitihani, wala siku ambayo moja ya zile mbili nayo itakwenda kulala na wenzake.

Halafu ada yote waliitaka mbele, "kwa punguzo". Ninayempa fundi hela yote kabla ya kazi ni mimi nisiye na akili. Hata Marekani kwenyewe, mwaka 2008, shule ya Silver State Helicopters ilifunga milango ghafla huku wanafunzi wameshachukua mikopo na kulipa. Chuo hiki nakipa nyota moja, ya kiyoyozi.

Cha pili kiko Nairobi, uwanja wa Wilson, ambako kuna vyuo kadhaa, na Watanzania huko si wageni. Hapa nilikaa kimya zaidi, maana walituuzia nusu saa ya kuonja kuruka na mimi nikakaa kiti cha nyuma cha Cessna 172 magoti yakinigusa kidevu.

Kabla ya kupanda, mwalimu alimpa binti kikombe cheupe cha plastiki chenye kijiti katikati, akamwonyesha mahali pa kukisukuma chini ya bawa. Mafuta yakatoka. Ni ya buluu, buluu kama maji ya kufulia yaliyotiwa rangi, ndiyo Avgas 100LL hiyo. Akamwambia ayainue yaelekee jua atazame chini ya kikombe. Maji yakiwemo yanakaa chini kwa sababu ni mazito kuliko mafuta, na injini ikiyanywa ukiwa juu hakuna pa kuegesha. Akarudia bawa la pili, kisha chini ya injini. Mimi nimekamua maji kwenye chujio la dizeli alfajiri pale Manyoni mara zisizohesabika, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Nilipomwona mwanangu kafumba jicho moja anakitazama kikombe, nilijua hii kazi ataiweza. Si kwa ajili ya PCM. Kwa ajili ya lile jicho.

Lakini. Mita ya kulipia inahesabu tangu injini ikiwa inanguruma, siyo tangu magurudumu yaache ardhi. Inahesabu kwa sehemu za kumi, kila sehemu dakika sita. Uwanja una shughuli nyingi, ndege za watalii mbele yetu na nyuma yetu, tukasimama foleni kama kwenye mizani dakika kumi na nane. Sehemu tatu hizo. Kwa bei waliyonipa, saa moja inakaribia mshahara wa mwezi wa dereva wangu mmoja. Nilikaa pale nyuma namwona dereva wangu anakula siku tisa za mwezi bila kutoka getini. Na mwalimu mwenyewe, kijana mpole, alikuwa na miezi minne tu pale. Anakusanya saa zake aende shirika la ndege, na alinieleza waziwazi, jambo nililomheshimu nalo. Ila mwanafunzi wake mmoja alikuwa keshabadilishiwa walimu watatu. Ongeza na kwamba leseni ya nje ukirudi nayo lazima TCAA waibadilishe, kuna mitihani na ada zake. Nyota tatu. Angekuwa mtoto wa mtu mwenye malori hamsini, ningekipa nne.

Shemeji yangu aliyeko Marekani alishikilia tuvuke bahari: digrii na urubani pamoja, vyuo kama Embry-Riddle kule Florida au University of North Dakota. Binti akaangalia video usiku kucha. Nilichowapenda watu wa kule ni kuandika ada ya kuruka pembeni na ada ya masomo pembeni, unaona kila kimoja kinakula kiasi gani. Lakini sababu kubwa ya Wamarekani kwenda vyuo hivyo haitugusi. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, sheria yao iliwataka hata marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria wawe na saa 1,500, na mwenye digrii ya chuo kilichokubaliwa anapunguziwa mpaka 1,000. Punguzo hilo ni la mtu anayetafuta kazi kule. Sisi tungelipia miaka minne ya digrii ambayo leseni yenyewe haiidai. Shemeji amenuna, atapoa.

Cha tatu ni chuo kidogo hapa nchini, upande wa kaskazini, tulichokisikia kwa rubani mmoja kijana tuliyekutana naye Nairobi. Hakina bango. Tulipita geti lake mara mbili bila kuliona. Aliyetupokea alikuwa amevaa ovaroli, nikamuuliza mkuu wa chuo yuko wapi, akafuta mkono kwa kitambaa ndipo akanipa salamu. Ni yeye.

Ndege nne. Tatu zilikuwa angani au zimerudi sasa hivi, injini za moto. Ya nne imefunguliwa kifuniko kwa ukaguzi wa saa 100, na daftari lake liko wazi juu ya pipa. Niliomba nilisome, akanisogezea kiti. Injini zile za Lycoming mtengenezaji anashauri zifumuliwe kwenye saa kama 2,000, na hii ilikuwa 1,340, kila ukaguzi una tarehe na sahihi. Daftari halikuwa safi. Lilikuwa na alama za vidole vya grisi, na hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta. Wanafunzi 14. Hesabu ileile ya risiti, kwa zile ndege tatu: saa 90 kwa wiki, kila mmoja sita na kitu, kama wiki 31 kwa saa 200. Nikaongeza nusu yake kwa ajili ya mvua na mitihani, bado iko chini ya mwaka.

Nilimnunulia mwanafunzi mmoja chai na chapati mbili nje ya geti, na chapati ya pili ilipoisha akaniambia mabaya. Hosteli maji yanatoka usiku tu. Mwalimu wa hali ya hewa anakuja akipenda, vijana wanajisomea wenyewe kwenye vishikwambi. Barua pepe hawajibu, na hilo tulishaliona. Nikarudi nikamuuliza mkuu yote matatu. La maji alikiri, la mwalimu alikasirika kidogo kisha akakiri, la barua pepe alicheka. Nikamuuliza mwanangu akiugua akaacha katikati inakuwaje. Hakunieleza, alifungua mkataba akaweka kidole kwenye kifungu. Unalipa saa kumi kumi, zikiisha unalipa nyingine. Nyota nne, na ya hosteli naidai bado.

Hata hivyo sikulipa siku hiyo. Binti anavaa miwani tangu kidato cha kwanza, na CPL inadai cheti cha afya cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Ni ujinga kununua saa halafu ndiyo uende kupimwa macho. Miwani yenyewe haikatazwi, ilimradi ukiivaa uone kwa kiwango chao. Tatizo kubwa zaidi huwa ni rangi; wanakupa kurasa za madoadoa ya rangi usome namba zilizojificha ndani. Nilikaa kwenye benchi la nje kama baba wa bibi harusi. Alipotoka alikuwa anasoma namba kwa sauti, "kumi na mbili, nane, ishirini na tisa", anafuata korido anacheka peke yake.

Niliuza tela moja. Yuko kule tangu Januari. Ankara ya kwanza imeingia wiki iliyopita: saa 9.4. Nikampigia nikamwambia anisomee daftari lake la kuruka, mstari kwa mstari, yeye anasoma mimi najumlisha. 9.4. Nikamwambia asome tena kuanzia mwanzo.