Draivu ya kilowati 4: naisifu, ila fungua menyu ya pili kabla hujawasha mota

Draivu hii, yaani kifaa kinachoendesha mota kwa kubadilisha volti na hezi zinazoifikia, nimeifunga kwenye mkanda wa kusafirishia magunia. Huu ni mwezi wake wa tano kazini, inapiga zamu mbili kila siku, na haijanisumbua tena. Nasema tena kwa sababu siku ya kwanza ilinitoa jasho.

Kibao cha mota kilisomeka wazi: volti 400 kwa delta (namna ya kuunganisha koili za mota kwa pembetatu), ampea 8.1, hezi 50, mizunguko 1440 kwa dakika, kilowati 4. Menyu fupi ya kuanzia inapendeza kweli. Inakuuliza volti, ampea, mizunguko na kilowati, kisha inakwambia mota iko tayari. Hezi haikuulizi. Hiyo imefichwa kwenye menyu ya pili, na kutoka kiwandani imewekwa 60.

Mkanda ukiwa mtupu ulikwenda vizuri. Tukapakia magunia, ampea zikapanda hadi 10, zikazidi, draivu ikatripu, yaani ikajizima, kwa ovalodi. Nikakagua beringi. Nikalegeza mkanda. Nikafungua kiboksi cha mota kuhakikisha vipande vya delta vimekaa sawa; vilikuwa sawa. Mwishowe nikaiambia skrini ionyeshe volti zinazotoka, na pale kwenye hezi 50 ikaandika 333. Hapo ndipo nilipoelewa. Mota hii inataka volti 8 kwa kila hezi moja, lakini draivu ilikuwa ikigawa 400 kwa 60, yaani volti 6.7 tu. Sumaku ndani ya mota inapungua, nguvu ya juu kabisa ya kuzungusha inashuka hadi kama asilimia 70, na mota inafidia kwa kuvuta umeme mwingi zaidi. Nikabadilisha 60 kuwa 50. Mkanda ukaondoka na mzigo wake wote, ampea 7.

Kinachoniuma ni kwamba draivu hii ina akili ya kutosha kulikamata kosa hilo. Baadaye kijana wangu aliingiza mizunguko 1500 badala ya 1440, ikamkatalia palepale, na ilikuwa na haki: 1500 ni mwendo wa sumaku inayozunguka ndani ya mota kwa hezi 50, na rota, ile sehemu inayozungusha shafti, lazima ibaki nyuma kidogo, na ile tofauti ya 60 ndiyo draivu inayoitumia kujua ifidie kiasi gani mzigo unapoongezeka. Sasa kama inajua hivyo, ilikubalije 1440 kwenye hezi 60? Mota kama hii, ya nguzo nne za sumaku, kwa hezi 60 ingesoma 1700 na ushee. Waliotengeneza waliongeze swali hilo moja kwenye menyu fupi.

Namna draivu inavyoipima mota yenyewe ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kuna kupima mota ikiwa imesimama, ambako unasikia inalia kwa wembamba bila shafti kusogea, na kuna kupima inapozunguka. Huku kwa pili skrini inakuonya utoe kwanza shafti kwenye giaboksi, na haiendelei mpaka ukubali. Nilitoa. Fanyeni kazi hiyo mota ikiwa baridi, na kwa waya uleule utakaobaki pale, maana ukinzani wa waya nao unaingia kwenye hesabu. Mimi wangu una mita 40. Ningepimia mezani kwa waya mfupi ningepata namba nyingine.

Feni yake ina kelele. Vitufe ni vigumu kwa mwenye glavu. Lakini kile kidude cha vitufe kinachomoka na kubeba mipangilio yote hadi draivu nyingine, na kwa mwenye mikanda mitatu inayofanana hilo ni jambo kubwa.

Ya pili nimeshaifunga. Ndani ya kifuniko chake nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: 400, 8.1, 1440, na hezi 50 nimeizungushia duara.