Kuhakiki maneno ya kale ya Kiingereza: Oxford English Dictionary ya mtandaoni

Orodha za maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika zimejaa mitandaoni, na nyingi zinanakiliana makosa. Anayetaka kuhakiki neno kabla ya kulitafsiri au kulifundisha hawezi kuikwepa Oxford English Dictionary. Toleo la pili, la 1989, lilijaza juzuu 20. Tangu 2000 kamusi hii iko mtandaoni, na huko ndiko inakofaa zaidi.

Thamani yake iko kwenye nukuu. Kila maana ina sentensi zilizoandikwa kweli, pamoja na mwaka na chanzo chake, kuanzia ya zamani kabisa ambayo wahariri waliipata. Mwaka huo ni wa ushahidi tu. Neno lenyewe huenda lilisemwa zamani zaidi. Maana nazo hupangwa kwa umri, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukifungua nice ukaishia mistari ya juu, utaondoka ukiamini kuwa maana yake ni “mpumbavu”, kwa sababu ndiyo maana lililoanza nayo. Angalia alama ya † kando ya maana: maana hiyo imeshakufa. Ikikaa mbele ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa, neno zima limekufa.

Jingine la kuangalia ni namba ya kidahizo, inayotenganisha maneno yanayoandikwa sawa. Let ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale vilivyoishia kufanana: kimoja kuruhusu, kingine kuzuia. Kile cha kuzuia hakijatoweka kabisa. Pasipoti ya Uingereza bado inaomba mwenye nayo apite “without let or hindrance”. Ukibofya kidahizo kisicho chako, unapata kinyume cha unachokitafuta, na kamusi haikuonyi.

Zihesabu nukuu pia, na uone ni za nani. Overmorrow, yaani keshokutwa, limo katika Biblia ya Coverdale ya 1535, kwa hiyo lilitumika kweli. (Ajabu ni kwamba Waingereza walilitupa, na leo wanahitaji maneno manne.) Apricity, joto la jua wakati wa baridi, linapendwa sana na wenye orodha, ila chanzo chake maarufu ni kamusi ya Cockeram ya 1623. Neno linaloshuhudiwa na kamusi peke yake usiliweke kinywani mwa mhusika wa karne ya 17 ukadhani ndivyo watu walivyozungumza.

Kasoro kubwa ni umri wa maelezo yenyewe. Marekebisho ya toleo la tatu yalianzia herufi M, si A, na hayajamalizika. Matokeo yake, vidahizo vilivyofanyiwa kazi upya vinakaa jirani na vingine ambavyo maandishi yake ni ya enzi za James Murray, mhariri aliyefariki 1915. Soma historia ya kidahizo: ikisema hakijasasishwa kikamilifu, usitangaze kwamba mwaka wa nukuu ya kwanza ndio mwaka wa neno.

Kwa mwandishi wa riwaya za kihistoria, sehemu bora ni tesauri ya kihistoria, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Unaanza na maana, tuseme “mlevi”, halafu unaona maneno yake yamepangwa kwa miaka, uchague la enzi unayoiandikia. Kama huna uhakika wa tahajia, weka ? mahali pa herufi moja na * mahali pa herufi zozote.

Bila usajili utaona kidogo sana, na kwa mtu mmoja ada si ndogo. Uliza kwanza maktaba ya chuo chako, nyingi zimeshalipia. Ikishindikana, kwa maneno ya kati ya 1100 na 1500 tumia Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan. Ni ya bure, na kwa kipindi hicho ina nukuu nyingi sana. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 nayo inasomeka bure, lakini ukiisoma kwenye nakala ya picha, I na J zimechanganywa pamoja, vilevile U na V. Herufi s ndefu ya zamani, ſ, mara nyingi kompyuta huisoma kama f. Kwa hiyo ukitafuta sad usipate kitu, jaribu fad.