Uzoefu wangu: kupanda leveli wawili wawili kwenye World of Warcraft Classic

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. World of Warcraft Classic ukiicheza peke yako ni gemu nzuri inayochosha. Ukiicheza na rafiki, wote mkianzia leveli 1 siku moja, ni kati ya vitu bora nilivyowahi kufanya mbele ya kompyuta. Sisemi ni njia ya haraka. Anayetaka kufika mwisho upesi amchague mwindaji au mchawi wa barafu, avae spika zake za masikioni, asiongee na mtu. Sisi hatukuwa na haraka.

Kwa wasioijua: gemu yenyewe, ya mtandaoni, ambamo unamkuza mhusika wako leveli kwa leveli, ilitoka Novemba 2004, na hii Classic ni ile ile ya zamani iliyorudishwa Agosti 2019 kwa ajili ya watu waliokuwa wanaililia. Leveli zinaishia 60. Misheni haikuwekei alama kwenye ramani. Unasoma maelezo, unaambiwa uvuke mto uelekee kusini, basi unavuka mto na kuelekea kusini na kumwomba Mungu uwe umeelewa. Hakuna kitufe cha kukutafutia kundi. Na kila mmoja anahitaji akaunti yake na malipo yake ya kila mwezi, jambo ambalo rafiki yako alijue kabla hujaanza kumsimulia mazuri.

Tuliwekeana sharti moja hata kabla ya kuchagua majina: wahusika hawa hawachezwi mmoja mmoja. Hamu ikikushika usiku wa manane na mwenzako kalala, fungua mhusika mwingine. Linaonekana sharti la kitoto, lakini bila hilo mambo yanaharibika ndani ya wiki. Mkiwa kundi moja, pointi za uzoefu, zile zinazokupandisha leveli, hugawanywa kulingana na leveli, aliye juu akichukua fungu kubwa. Akizidi kutangulia, majina ya maadui kwake yanageuka kijivu na hapati hata pointi moja. Hapo anaanza kukusindikiza badala ya kucheza, na kusindikizwa hakuna raha kwa yeyote.

Hata mahali pa kulala pana maana. Mhusika aliyeachwa kwenye nyumba ya wageni hujikusanyia pumziko, asilimia 5 ya leveli kwa kila saa 8, na pumziko hilo huzidisha mara mbili pointi za kila adui unayemuua. Ukizima kompyuta ukiwa porini unakusanya robo tu ya kiasi hicho. Mmoja akilala kitandani na mwingine akalala kichakani, kesho yake mnaanza kuachana. Kwa hiyo kila mara tulifunga siku pamoja, mlango mmoja.

Sasa kuchagua wahusika. Tuliishia kwa mpiganaji na mganga, upande wa Horde, moja ya pande mbili zinazohasimiana na nyingine ikiwa Alliance. Kwa kabila la viumbe, mimi Orc mwenye shoka, rafiki yangu Troll mwenye fimbo. Sababu ya kwanza ni ya njia tu. Orc na Troll wote huzaliwa Valley of Trials, kule Durotar, kwa hiyo mnaua nguruwe wa kwanza mkiwa pamoja. Mmoja wenu akitaka kuwa Tauren, kabila jingine la Horde, ataanzia Mulgore, na itabidi mtu akate nyika kwa miguu ndipo mkutane.

Sababu ya pili ni kwamba mpiganaji akiwa peke yake anateseka kuliko wahusika wote. Hajiponyi. Nguvu yake ni mstari mwekundu wa hasira unaojaa anapopiga na anapopigwa, na akitoka kupumzika mstari huo ni mtupu. Mapigo mawili ya kwanza yakikosa anasimama tu pale akitafunwa. Akibadilisha silaha, akaacha panga akashika shoka, inabidi ajifunze upya kulenga, na katika kujifunza huko anakosa, anakosa, anakosa. Mpe mtu wa kumponya nyuma yake, na shoka la mikono miwili, uone.

Wengi hushauri mpiganaji na kuhani. Tuliwajaribu mwanzoni. Shida yake iko kwenye ile ngao ya kuhani: kila pigo linalomezwa na ngao halimjazii mpiganaji hasira. Kuhani mwenye mapenzi mema anakukinga mpaka unabaki na afya tele na huna cha kuifanyia. Mganga hana ngao ya namna hiyo. Anakuacha upigwe kidogo, hasira ipande, kisha anakuponya. Mimi nimeona hiyo ndiyo ndoa.

Halafu kuna totemu, vinguzo ambavyo mganga huvichomeka ardhini. Kimoja kinakuongezea nguvu. Kingine kinawapunguza mwendo maadui, na hiki kimetuokoa mara nyingi, maana adui wa umbo la binadamu akikaribia kufa hukimbia na kurudi na ndugu zake. Vyote viwili ni vya ardhi, kwa hiyo mganga anachagua kimoja kwa wakati. Kuanzia leveli 32 anapata cha upepo, Windfury, ambacho hulipa kila pigo langu nafasi ya asilimia 20 ya kuzaa pigo jingine papo hapo. Shoka zito likipiga mara mbili mfululizo, adui anapungua nusu kabla mwenzangu hajamaliza sentensi.

Ila totemu haitembei. Imechomekwa, imechomekwa. Na mpiganaji tangu leveli 4 ana uwezo wa kumrukia adui wa mbali, kwa hiyo mazungumzo yetu mengi yalikuwa hivi:

"Kaka, rudi kwenye totemu!"

"Njoo nayo!"

"Haibebeki, kaka! Na mana sina!"

Kisha anakaa chini kunywa maji, yanayomrudishia mana, yaani nguvu yake ya uchawi. Mganga hunywa maji kila baada ya mapambano mawili matatu, na mtu asiye na subira ataliona hilo ni kero. Mimi nimelipenda. Gemu za siku hizi hazikuachii nafasi ya kupumua, kila sekunde kuna kinachowaka. Hii ya zamani imejaa matundu: mnasubiri mana, mnasubiri meli ya angani pale Orgrimmar iliyoondoka sekunde chache kabla hamjafika, mnaruka juu ya mnyama wa kukodi dakika nzima hamna cha kubonyeza. Ni katika matundu hayo ndipo tulipoongea mambo ya kazi, ya familia, ya nani kaoa. Peke yangu ningekuwa nimefungua simu.

Kuhusu pointi, hesabu haiwapendelei wawili kama watu wanavyodhani. Adui wa leveli 20 akiuawa na mtu mmoja wa leveli 20 hutoa pointi 145, yaani 45 kujumlisha leveli mara 5. Wawili mnagawana, kila mmoja anaondoka na 72 hivi. Nyongeza ya kundi huanza mkiwa watatu. Wawili hampewi kitu. Maana yake ni kwamba mkizunguka kuua wanyama tu, lazima muue kwa kasi mara mbili ndipo mlingane na mtu mmoja.

Faida iko kwenye misheni. Pointi za misheni hazigawanywi, kila mmoja anapewa zake kamili, na misheni ikitaka muue 10, kila anayeuawa anahesabiwa kwenu wote. Juu ya hapo mnaweza kuchukua misheni zenye maadui wa leveli mbili tatu juu yenu, hata wale wenye afya nyingi ambao mtu mmoja huwakimbia. Pale kwenye msitu wa Stranglethorn, kwenye kambi ya wawindaji ya Nesingwary, mnatumwa kuua chui milia, chui weusi na mijusi wakubwa kwa makundi. Ni kama pametengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Kama seva yenu inaruhusu Alliance kuwashambulia popote, basi Stranglethorn pia ndipo mtakapouawa sana na watu wa leveli 60 wasio na kazi. Wawili angalau mnapata wa kulaani naye.

Upande wa pili ni misheni za kukusanya, na hapa nina neno na gemu hii. Kituo cha Crossroads, katika nyika ya Barrens, kuna misheni inayodai kwato 4 za zhevra. Zhevra ni punda milia mwenye pembe. Ana miguu minne. Ungedhani mmoja angetosha. Wapi! Unamuua, unainama juu ya mzoga, unakuta kipande cha nyama. Wa pili, hana kitu. Wa tatu ana kwato moja, na hiyo imekwenda kwa mwenzako, maana inayookotwa na yeye haikuhesabiwi wewe. Kwa watu wawili zinatakiwa 8. Tulizunguka pale hadi zhevra wakaisha machoni na tukabaki tunasubiri wazaliwe upya, yeye kamaliza zake, mimi bado nadai. Karibu na hapo kuna misheni nyingine ya midomo ya ndege wakubwa wakimbiaji, ambako utagundua kuwa ndege wengi wa Barrens wanaishi bila midomo. Baada ya hapo tukawa hatuzifuati tena misheni za aina hiyo. Zipo kwenye daftari, wanyama wakiwa njiani tunawaua, wasipokuwepo tunaendelea.

Ufundi gawaneni mapema. Mimi nachimba madini, yeye anachuna ngozi, hakuna anayegombania jiwe wala mnyama. Kuna jambo dogo la kujua: mnyama hachuniki mpaka kila kilichomo ndani yake kiokotwe. Zamu ya kuokota ikiwa yangu na mimi nimeshamrukia adui wa tatu, nasikia huko nyuma, "Kaka, mizoga! Okota mizoga!" Nguo nazo hazikutugombanisha, kwa kuwa hadi leveli 40 mimi navaa chuma cha pete na yeye ngozi. Mashoka ya mikono miwili, hayo ni habari nyingine. Mganga naye anaweza kujifunza kuyatumia, na siku aliponiambia anafikiria kufanya hivyo nilinyamaza kwanza.

Kati ya leveli 20 na 40 kuna dhuluma ya halali. Mganga akifika 20 anajifunza kugeuka mbwa mwitu mweupe wa kizimu na kukimbia kwa kasi ya asilimia 40 zaidi. Mpiganaji hana lolote. Mnyama wa kupanda ni hadi leveli 40, na gharama yake na mafunzo ni takriban dhahabu 100, pesa ambazo kwa leveli hiyo unazisikia tu. Kwa hiyo kwa leveli zote hizo 20 nilikuwa nakimbia kwa miguu nikimtazama mbwa mwitu mgongoni, anafika, anageuka, anakaa, ananisubiri. Barrens ni ndefu. Thousand Needles ndiyo usiseme.

Kufa kumepangwa kwa upendeleo pia. Nikifa mimi, tangu leveli 12 yeye ananifufua hapo hapo. Akifa yeye, mimi sina msaada. Anatoka makaburini akiwa roho na kutembea hadi kwenye mwili wake. Akifika 30 anaweza kujifufua mwenyewe mara moja kwa saa, mradi akumbuke kununua ankh, kile kidude kinachotumika kujifufua. Hakumbuki. Zipo seva rasmi za Hardcore tangu 2023, ambako kufa ni kufa moja kwa moja. Kwa watu wawili sizishauri: mmoja akiteleza, safari ya wote wawili imekwisha.

Kitu ambacho hatukukitarajia ni urahisi wa kuingia mapangoni. Mapango ya kundi yanataka watu watano, na kwa kuwa hakuna mfumo wa kuwapanga moja kwa moja unasimama kwenye chaneli ya gumzo na kuandika tangazo. Wanaoadimika daima ni wawili: wa kusimama mbele akapigwa, na wa kuponya. Ndio sisi. Tukitangaza kwamba tunahitaji watatu wa kupiga tu, watu wanajileta. Wailing Caverns tuliingia na wageni watatu, tukapotea kama kila mtu anavyopotea kwenye ile njia ya kijani inayojizungusha, na pale kwenye ufa wa kuruka mmoja wao akatumbukia tukamngoja azunguke upya. Hakuna aliyekasirika. Mmoja wao bado tunasalimiana naye.

Nani asijaribu? Mtu ambaye ratiba yake na ya rafiki yake hazikutani. Hilo sharti la kucheza pamoja tu litawafanya mkae leveli 14 mwezi mzima mkitumiana ujumbe wa samahani. Na kama mmoja wenu anasoma maelezo ya misheni neno kwa neno na mwingine anayaruka, kubalianeni mapema. Sisi mimi ndiye msomaji, naye hunywa maji.

Kwa sasa tuko jangwa la Tanaris, leveli za arobaini na ushee, mimi nikiwa juu ya mbwa mwitu wangu mwenyewe hatimaye. Mbele kuna Molten Core, pango la watu 40, ambako mpiganaji mmoja na mganga mmoja hawabadilishi chochote. Jamaa yangu ameshaliona hilo, na ameanza kuniuliza kama upande wa Alliance wachawi wawili wa barafu wanaweza kuanzia sehemu moja.