Siku nne za gofu Arizona: mipira 19 nimeiachia miiba

Kila niliyemwambia naenda Scottsdale kucheza gofu alinipa habari ileile: hewa ya jangwani ni nyepesi, mpira utaruka mpaka ushangae. Nikaamini. Asubuhi ya kwanza tukiwa uwanja wa Troon North, nimebakiza yadi 150 kufika kwenye bendera, nikachomoa chuma changu namba 7, fimbo ninayotumia kwa umbali huo nyumbani, na kuupiga safi kabisa. Ukatua kwenye banka, lile shimo la mchanga, grini yenye bendera haijafikiwa. Mara ya pili hivyohivyo. Shemeji yangu anayeishi Mesa akacheka: "Wewe umetoka Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari. Hapa hatufiki hata nusu yake. Hiyo hewa nyepesi umeiacha kwenu, shemeji."

Hilo sikulisoma popote kabla ya safari. Ukitoka Nairobi, Nyeri au Eldoret, ongeza fimbo moja, yaani chukua inayopiga mbali zaidi kwa hatua moja, na asubuhi za Januari, baridi ikibana, ongeza hata mbili. Atakayeona mpira wake unaruka kweli ni yule wa Mombasa au Dar.

Tena hiyo baridi isikupite hivihivi. Siku moja tulifika saa moja asubuhi tukaambiwa tusubiri kwa sababu ya sakitu. Sakitu jangwani! Ileile inayounguza chai Limuru. Nyasi zilikuwa nyeupe, na ukizikanyaga zikiwa zimeganda zinakufa, nyayo zako zinabaki nyeusi. Tulikaa zaidi ya saa nzima tukinywa kahawa, nami nimevaa kaptula kwa kujidai. Saa saba mchana jua lilikuwa linachoma.

Sasa jangwa lenyewe. Sheria ya maji ya Arizona huvipimia viwanja vipya maji ya kunyweshea ekari 90 hivi kwa mashimo 18, kwa hiyo hakuna nyasi za kuchezea hovyo. Kuna kisiwa cha majani unapoanzia, kisha mawe na miiba, kisha kisiwa kingine unapotakiwa kutua. Kwetu ukipinda mpira unaingia kwenye majani marefu, kedi, mbeba mfuko wako, anaenda, anausimamia, anakuambia "Mzee, uko salama." Huku hakuna kedi. Kuna kigari cha umeme chenye skrini inayokuonyesha yadi, na skrini haiingii vichakani.

Mpira wangu wa kwanza kupotea niliufuata. Niliuona wazi, chini ya dungusi mmoja mfupi, mwenye manyoya ya dhahabu yanayong'aa juani kama kifaranga. Anaitwa cholla. Sikumgusa, naapa, soksi tu ilipita karibu. Kipande kizima kikakatika kikanishika kwenye kifundo cha mguu. Nikainama nikitoe kwa vidole, shemeji akapiga kelele: "Usiguse! Kitahamia mkononi!" Akatoa chanuo mfukoni, akalipitisha kati ya ngozi na kile kidude, akakifyatua kwa mkupuo mmoja. Nilidhani lile chanuo ni la nywele zake, na mzee mwenyewe ana upara.

Tangu hapo sikufuata tena. Sheria za gofu za 2019 zinaruhusu uwanja kulichora jangwa kama eneo la adhabu, na viwanja vingi vya huko hufanya hivyo: unajiongezea pigo moja, unadondosha mpira karibu na ulipovukia, maisha yanaendelea. Soma nyuma ya kadi ya kuandikia mapigo kabla hujaanza. Na shusha kiburi, anzia tii za mbele, zile sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo. Siku mbili nilizoanzia nyuma na vijana wa kazini kwa shemeji nilipoteza mipira 14. Mbili nilizoanzia mbele, mitano.

Kwenye uwanja wa Monument, Troon North, shimo la tatu lina jiwe kubwa kama nyumba katikati ya njia, nao waliojenga wakaliacha. Nililipenda. TPC Scottsdale twende haraka: ni uwanja mzuri, wenye maji zaidi kuliko nilivyotarajia, lakini kinachowapeleka watu pale ni shimo la 16. Majukwaa ya watazamaji wa Phoenix Open, mashindano ya Februari, yalikuwa tayari yamesimama, yanachukua zaidi ya watu 15,000, siku ile yakiwa matupu kabisa. Hapo ndipo Tiger Woods aliingiza kwa pigo moja mwaka 1997. Mimi nilipiga kushoto, na shemeji peke yake akanizomea kwa niaba ya wote.

Nikirudi, nitarudi We-Ko-Pa, kwenye uwanja unaoitwa Saguaro. Uko kwenye ardhi ya Wayavapai wa Fort McDowell, wenyeji asilia wa huko, na hakuna nyumba hata moja pembeni. Ni milima tu. Tena unatembeka kwa miguu, jambo ambalo viwanja vingi vya jangwani havina. Tulibeba mifuko yetu wenyewe. Kuna dungusi mmoja mrefu, saguaro mwenye mikono, niliyesimama chini yake muda mrefu: mpira wa mtu umezama ubavuni mwake nusu, na ngozi imeanza kuufunika. Mkono wa kwanza wa saguaro huchukua miaka 50 au zaidi kuota. Sijui aliyepiga mpira ule alihesabu mapigo mangapi.

Kuhusu pesa: asubuhi za majira ya baridi viwanja vikubwa hupita dola 300 kwa mtu mmoja, alasiri bei hushuka. Sisi tulipitia wakala mmoja wa mtandaoni, akatukata "ada ya huduma" kila mtu kila siku, na baadaye nikakuta nafasi zilezile kwenye tovuti za viwanja bila ada hiyo. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa na roboti. Weka nafasi moja kwa moja uwanjani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwangu Nairobi. Kedi wangu alikigeuza kiatu ili akisafishe, akatulia, akaomba koleo. Akachomoa mwiba kwenye soli, akauinua juani.

"Mzee, ulienda kucheza gofu au kuchunga mbuzi?"