"Ulitaka mlio, si umepata mlio?"

Nianze na kosa langu mwenyewe: ekzosi yangu, bomba la kutolea moshi wa gari, haikuwa mbovu. Ilikuwa ileile orijino iliyokuja na Prado, ya petroli, sailensa imeliwa na kutu kidogo, lakini kimya kabisa. Ungeweza kuwasha gari alfajiri hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, na jirani asijue umetoka. Kilichonipeleka gereji ni tamaa tu. Kuna jamaa tulikutana kituo cha mafuta, gari lake limefungwa ekzosi ya bomba pana, akawasha, nikausikia mlio hadi mbavuni. Nikarudi nyumbani naurudia kwa mdomo kama mtoto anayechezea gari la waya.

Gereji siitaji. Fundi mkuu aliniuliza swali moja: "Mkuu, unataka nguvu au unataka mlio?" Nikajibu vyote. Akacheka, akawaangalia vijana wake nao wakacheka. Pale ndipo ningegeuza gari.

Nikaambiwa bomba pana linaifanya injini ipumue, nikakubali, wakanifungia. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Injini ikiwa kwenye resi za juu, kweli moshi unatoka kwa wepesi. Ila injini yangu haina tabo, ile pangaboi inayosukumwa na moshi kuingiza hewa zaidi kwenye injini, na ukiipa bomba pana kupita kiasi, kwenye resi za chini moshi unapoteza kasi na ile nguvu ya kutambaa inapungua. Na mimi kutambaa ndiko nilikonunulia gari! Sishindani na mtu barabara ya Mtumba. Mimi naenda Farkwa kwa wakwe, nakutana na mchanga wa Mto Bubu na makorongo ambayo kila masika yanahama.

Safari ya kwanza ilikuwa miezi michache iliyopita, mvua zimeshakatika. Kwenye lami ya Kondoa, nisiseme uongo, nilijiona mfalme. Watoto wa barabarani walipunga mikono kabla hata hawajatuona. Halafu mshale wa resi ukigusa kama elfu mbili hivi, ambapo ndipo mwendo wenyewe wa safari, gari lote linaanza kuvuma. Si kelele ya nje, ni mvumo wa ndani, unakaa kwenye meno. Mke wangu akazima redio bila kusema neno. Baada ya kilomita ishirini akasema, "Baba, hiki kitu umelipia?"

Tulipoacha lami ndipo nikajua nimelipia nini. Bomba la kiwandani lilikuwa limekunjwa kwa akili, linapanda juu ya chesisi, jiwe halilioni. Lao walilipitisha chini moja kwa moja, likining'inia kama kiwele cha mbuzi anayenyonyesha. Korongo la kwanza, kong! La pili, kong! La tatu sikusikia kong, nilisikia gari limebadilika sauti na kuwa kama mashine ya kusaga. Kwenye mchanga nilikanyaga resi, likanguruma kama simba, halafu likazama palepale. Vijana wa ng'ombe walitusukuma huku wanaiga mlio.

Haya yote ningesamehe. Ambalo sisamehi lilitokea wakati wa kurudi. Tulikuwa tunamleta mama mkwe mjini kutibiwa macho, kakaa nyuma na kanga yake puani. Nikadhani ni vumbi. Akasema taratibu, "Mkwe wangu, hili gari lako linakohoa au ni mimi?" Muda kidogo akalalamika kichwa kinamgonga. Mtoto naye, kichwa. Nikasimama, nikawatoa wote nje chini ya mbuyu, nikaingia uvunguni na tochi ya simu.

Kwenye maungio ya mbele, pale bomba jipya lilipokutana na la zamani, hapakuwa na gasketi ya kuziba maungio. Walipaka silikoni! Imeungua, imekauka kama ugali ulioshika sufuria, na kuzunguka pale masizi meusi yamechora njia kama ya koroboi ukutani, yakielekea juu sakafuni, palepale chini ya kiti cha mama mkwe. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi. Yenyewe haina harufu wala rangi. Tulichokuwa tunanusa ni wenzake inaosafiri nao. Ningekuwa na ekzosi inayovuja kimya, nao wakasinzia nyuma na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi? Nikiwaza hapo mkono unatetemeka mpaka leo. Ule utamu wa kwenye lami niliousifu juu, naufuta.

Tuliingia Dodoma vioo chini, kichwa nje, wekundu kama matofali.

Kesho yake nikarudi gereji nimebeba kiroba. Mle mlikuwa na mabomba yangu ya zamani waliyonirudishia siku ile, ambayo sikuyakagua. Katikati pamepitishwa grainda, safi, na pale penye masega, yaani katalitiki konveta, kile kisafisha moshi chenye vitundu, hapapo. Nikauliza masega yangu yako wapi. "Masega gani tena, mkuu?" Ya nyuki! Kila mtu anajua mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana kuna watu wanazunguka na matangazo ya kuyanunua. Nikauliza na taa ya injini inayowaka tangu siku ile, sensa ya oksijeni mmeiacha inaning'inia. Akaagiza kijana alete kipande cha isolirebandi aifunike taa. Aifunike! Nilipopandisha sauti ndipo akasema, mbele ya wateja na mama wa chai: "Mzee, ulitaka mlio, si umepata mlio?" Wote wakacheka. Hata mama wa chai, na ninamdai chenji.

Kwa hiyo kama gari lako ni la petroli na kazi yake ni porini, baki na ya kiwandani. Kama imetoboka, chomelea. Wenye dizeli yenye tabo wana hoja yao, siwaingilii, ila wakague gasketi kwa macho yao kabla ya kulipa.

Ingawa... fundi mmoja mtu mzima wa Kizota alilipandisha bomba, akaweka gasketi ya kweli na sailensa ya pili katikati. Orijino ya mtumba yenye masega yake nimeitafuta, bei wanayotaja ni zaidi ya nilizolipa mwanzo, basi nimebaki na hii. Mvumo umepungua. Moshi hauvuji, nimeweka karatasi nyeupe kwenye maungio nikakagua. Na wiki hii nilipandisha vilima vya Kolo, kule Kondoa, jioni, vioo wazi, sauti inarudi kutoka kwenye miamba, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Taa bado inawaka.

Mama mkwe macho yanaendelea vizuri. Juzi alikuja kliniki. Nilimwambia namfuata, akanishukuru sana, akapanda basi.