Kipimo cha kompresheni ya dizeli: uzoefu wangu kwenye Canter 4D33

Kipimo hiki, kinachoonyesha silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani, nilikinunua Gerezani, Kariakoo, baada ya fundi kuniambia nishushe injini ya Canter yangu, aina ya 4D33, nibadilishe ringi zote za pistoni. Gari ilikuwa inasumbua kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe na inamisi (silinda inaruka bila kuchoma mafuta) mpaka ipate moto. Ikipanda mlima Kitonga na mzigo, nguvu hakuna. Nozeli, zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, zilishapimwa na ziko sawa. Kabla ya kutoa hela ya ovaholi nilitaka kujua ni silinda ipi inayougua, na kwa nini.

Seti ina geji ya hadi bar 70 (bar ni kizio cha shinikizo), mpira wake na adapta za aina nyingi. Thamani yote iko kwenye adapta. Kwenye 4D33 inaingia tundu la nozeli, na lazima uweke washa mpya ya shaba, la sivyo pumzi inavujia pembeni na utailaumu silinda isiyo na kosa. Ukiambiwa utumie kipimo cha petroli, kataa: vingi vinaishia bar 20 hivi, na injini ya dizeli iliyo nzima inapita hapo.

Tuliipasha injini moto, tukakata mafuta, tukatoa nozeli zote na kufunga betri zilizojaa chaji, maana stata ikizunguka kinyonge namba zote zinashuka. Silinda ya kwanza ilisoma bar 27, ya pili 26, ya tatu 18, ya nne 27. Mimi sishughuliki sana na 26 au 27. Natazama tofauti: ikizidi bar 3 au 4 kati ya silinda na silinda, hapo pana ugonjwa.

Nilichokipenda zaidi ni kuutazama mshale wenyewe. Ringi zikiisha, pigo la kwanza huwa chini, kisha mshale unapanda kidogo kidogo kila pistoni inapokuja juu. Wa silinda ya tatu ulifika 18 ukagoma. Tukatia oili kidogo mno, kijiko kimoja cha chai tu, kwa sababu chumba cha dizeli ni kidogo na oili haibanwi. Ukiimimina ovyo unapinda konrodi. Ikasoma 19. Zingekuwa ringi, oili ingeziba pengo lake na namba ingeruka juu zaidi ya hapo.

Tapeti, zinazofungua vavu, tulizikagua, zilikuwa na nafasi yake sahihi. Basi tukaipandisha pistoni ya tatu juu, vavu zote zimefunga, gari iko kwenye gia na tairi zimezuiwa, tukapuliza upepo wa kompresa. Mlio ukatokea kwenye ekzosi. Kwenye mfuniko wa oili kimya, kwa hiyo si ringi, na rejeta haikutoa hata povu moja, kwa hiyo si gasketi ya hedi. Tulipofungua hedi, vavu ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingoni. Tukabadilisha vavu hiyo, tukasaga nyingine, tukaweka gasketi mpya, gari ikarudi barabarani bila kugusa ringi hata moja.

Kasoro zipo. Oringi za kwenye kiungo cha mpira ni nyepesi, zilianza kuvuja mapema nikatafuta ngumu zaidi. Maandishi ya geji pia ni madogo, jioni gereji huyaoni bila tochi.

Mwenye Fuso au Isuzu aende dukani na nozeli yake mkononi, ailinganishe na adapta kabla ya kulipa.